Losheni Isiyo na Tafsiri

"Unahesabu! Unahesabu chembe moja moja kama kura!" Mhandisi Cornel alikuwa amesimama, kiti chake kimeanguka nyuma na hakuna aliyekiokota. "Kitu kinapimwa kwa uzito, Dokta. Sukari unanunua kwa kilo. Huendi dukani ukaomba punje laki nane."

"Sukari unaiona kwa macho. Hapa tunazungumzia kitu ambacho hata darubini ya shule haikioni."

"Kama hakionekani, unakihesabuje?"

"Kwa mashine."

"Iko wapi hiyo mashine?"

Dokta Respicius akavua miwani akaanza kuifuta. Mashine haikuwepo pale. Kila mtu mle ndani alijua, maana habari zake tulizisikia kila kikao, na kila kikao ilikuwa "inafuatiliwa."

"Waheshimiwa, waheshimiwa," alisema Mzee Elieza, mwenyekiti, akigonga meza kwa kifuniko cha kalamu. "Tusifike huko. Tuna wadau humu ndani."

Wadau ni mimi na binti yangu Penina. Tulikuwa tumekaa kwenye viti viwili vya plastiki karibu na mlango, yeye bado na sare ya shule na kofia yake pana mapajani, mimi na mkoba wangu na hasira zangu.

Jina langu Emiliana, ingawa pale waliniita Mama Penina. Naishi Mkonze. Nina stashahada ya mifugo ya chuo cha Mpwapwa, nina mbuzi, nina watoto watatu, na huyu Penina ana ualbino. Mwenye mtoto wa namna hiyo katika jua la Dodoma hahitaji kuelezwa losheni ni ya nini. Si urembo. Ngozi inaungua, inachubuka, inatoa kidonda kisichopona, na kidonda kisichopona kinaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo tukaungana akina mama wachache, mfamasia mmoja akatufundisha, tukaanza kutengeneza losheni ya kukinga jua katika chumba cha nyuma nyumbani kwangu.

Losheni yetu ya kwanza ilikuwa nzito na nyeupe. Ilikinga vizuri sana, ila Penina alisema akijipaka anafanana na ukuta ambao fundi chokaa ameuacha akaenda kula. Akawa anaifuta njiani kabla hajafika shule. Losheni inayofutwa njiani haikingi kitu. Ndipo tukaagiza unga wa zinki ulio laini zaidi, wa chembe ndogo mno. Huo ukiupaka unapotea machoni na jua bado linazuilika. Penina akaipenda. Hata wakulima wa kijijini Busi, ambao walikuwa wakiniambia losheni ni mambo ya watoto wa mjini, wakaanza kuulizia.

Nikaipeleka Bodi ya Bidhaa Mpya kuiombea kibali. Waliponiuliza unga ni wa aina gani nikawaambia ni wa nano. Neno hilo tu. Boksi zote zikaingia stoo.

Sababu ni kwamba Bodi ilikuwa haijatafsiri nano ni nini. Kitu ambacho Bodi haijakitafsiri haiwezi kukikubali. Lakini haiwezi kukikataa pia. Kinakaa. Nilikwenda nikarudi, nikaenda nikarudi, losheni inakaa, jua haliketi.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Kesho yake timu ya netiboli ya shule ya akina Penina ilikuwa inakwenda kucheza Mpwapwa, na mfungaji wao ni Penina. Mwalimu wa michezo, Madamu Violeth, alikuwa ameshasema: bila losheni, Penina hakanyagi uwanja. Alikuwa sahihi, sikumlaumu. Nyumbani tulikuwa tumepasua chupa ya mwisho kwa kisu tukakwangua ndani kwa kijiko.

"Mama," Penina alininong'oneza, "hivi hawa wanagombea nini hasa?"

"Kitu kidogo kiwe kidogo kiasi gani ndiyo kiitwe kidogo."

"Na wanalipwa?"

"Nyamaza."

Dokta Respicius alimsikia. Ni mkemia, mtu wa chuo kikuu, mpole, na ukimgusia chembe macho yake yanawaka kama mtu aliyetajiwa kwao. Akatugeukia.

"Binti, ni hivi. Chukua unywele mmoja." Akapeleka mkono kichwani, akakumbuka, akaushusha. Dokta ana upara usio na mjadala. "Mhandisi, niazime unywele."

"Sitoi," alisema Cornel.

"Basi fikiria unywele. Unene wake ugawe vipande elfu themanini hivi. Kipande kimoja ndiyo nanometa. Sasa chembe ikiwa kati ya nanometa moja na mia, tunaiita nano. Hapo hatugombani. Tunagombana kwa sababu unga wowote una chembe ndogo na kubwa pamoja. Sasa huo unga ni nano au si nano? Mimi nasema tuhesabu. Nusu ya chembe zikiwa ndogo, unga ni nano. Hata Ulaya wanahesabu."

"Mimi nasema tupime uzito," alidakia Cornel. "Chembe ndogo ziwe nyingi namna gani, uzito wake hauna maana. Unga uleule, kwake ni nano, kwangu si nano."

Nikaona nijaribu kusaidia ili twende nyumbani. "Ni kama zizi," nikasema. "Lina ng'ombe wawili na kuku hamsini. Ukihesabu vichwa, hilo ni banda la kuku. Ukipima kilo, ni zizi la ng'ombe."

"Umesema vizuri sana, Mama Penina!" alisema Dokta. "Banda la kuku!"

"Asante, mama," alisema Cornel papo hapo. "Zizi la ng'ombe. Kamwulize mwenye zizi usiku analinda nini."

Wakaanza upya, safari hii kwa kuku. Penina aliniangalia kwa jicho ambalo binti akikuangalia nalo unajua bora ungekaa kimya.

"Na kwa taarifa yenu," Cornel akaendelea, "nano mnayoiogopa mimi naivaa. Soksi hizi zina chembe za fedha, zinaua vijidudu. Navaa wiki nzima, hazinuki. Nani amedhurika?"

"Sisi tunaokaa karibu na wewe hatujaulizwa," alisema Wakili Joha.

Joha ndiye mwanasheria wa Bodi, dada wa mjini, nadhifu, kila akimaliza kusema anafungua kijikebe cha poda anajitazama kwenye kioo chake. Alikuwa amekaa kimya muda mrefu, na mwanasheria akikaa kimya muda mrefu ujue anaandika. Akasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, wataalamu hawa wanatafuta tafsiri nyembamba. Tafsiri nyembamba ina mianya. Mimi napendekeza pana, asipenye mtu." Akasoma: "Bidhaa yoyote iliyotengenezwa, yenye chembe hata moja ya ukubwa wa kati ya nanometa moja na mia, ni bidhaa nano, na itatunzwa stoo mpaka ifanyiwe tathmini."

"Hata moja?" Dokta alishtuka. "Dada Joha, hata moja ni..."

"Hata moja. Hakuna kuhesabu, hakuna kupima. Mmeacha kugombana?"

Walikuwa wameacha, kwa mshangao tu. Mzee Elieza akaona upenyo. Huyu mzee alistaafu kazi ya afisa tarafa ndipo akapewa uenyekiti, na mambo ya tarafa hayakumtoka. Kwake yeye azimio lisilotekelezwa siku ileile ni maongezi ya kahawa. Huko nyuma, alipenda kusimulia, azimio la vyoo likipita asubuhi, jioni watu wako shimoni wanachimba.

"Wanaokubali?" Akanyoosha mkono wake mwenyewe kwanza. Joha akanyoosha. Cornel akanyoosha kwa sababu Dokta hakunyoosha. "Limepita. Utekelezaji kuanzia sasa hivi. Nikodemo!"

Nikodemo, mtunza stoo, akaingia na kitoroli chake. Ni mtu wa umri wangu, koti la kaki limepigwa pasi, na sijawahi kuona mtu anayetii kama yule. Penina akamwamkia, naye akaitikia marahaba bila kumtazama, maana alikuwa anamtazama mwenyekiti.

"Nikodemo, azimio limepita. Kila bidhaa nano iliyomo katika ofisi hii iingie stoo."

"Losheni za mama zimo tayari, mzee."

"Vizuri. Kuna nyingine?"

Nikodemo hakujua. Mzee Elieza hakujua. Wote wakamgeukia Dokta Respicius, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu yule bwana hajui kudanganya kuhusu kemia. Nadhani ukimwamsha usingizini ukamwuliza, atakujibu sawasawa.

"Tona ya printa," alisema kwa unyonge. "Ule unga mweusi. Ndani yake kuna masizi ya kiwandani, chembe zake ni ndogo sana."

Nikodemo akafungua printa, akaichomoa tona, akaiweka kitorolini.

"Nyingine?"

Dokta akatazama chini ya meza. "Soksi za Mhandisi."

"Dokta!" Cornel akarudisha miguu nyuma. "Hizi ni mali binafsi."

"Azimio linasema bidhaa yoyote," alisema Joha. "Halijasema ya nani. Wewe mwenyewe ulinyoosha mkono."

Nikodemo alisimama mbele yake na trei ya plastiki, ameinama kidogo kwa heshima, akangoja. Kungoja kwake ndiko kulikomshinda Cornel. Alivua soksi moja, akavua ya pili, akavaa viatu miguu mitupu. Na nitasema ukweli kwa kuwa nilikuwa karibu: ile habari ya kutonuka wiki nzima ina utata.

Joha alicheka mpaka akatoa machozi, akafungua kijikebe ajifute. Dokta akainama kusoma maandishi ya chini ya kijikebe.

"Dada yangu, samahani. Poda yako inakinga jua. Ina titani. Ni chembe hizohizo."

"Dokta, usinifanyie hivyo mbele ya watu."

"Umesema hata moja."

Kijikebe kikaingia kwenye trei, kikakaa juu ya soksi. Joha alipoona kimekaa juu ya soksi alifumba macho.

"Mama, naomba tusiondoke kwanza," Penina alininong'oneza. Alikuwa amesahau netiboli.

Ikaletwa chai. Mzee Elieza alikuwa anaingojea, unamwona kabisa, kwa sababu alishaweka kikombe pembeni na kijiko ndani. Akajimiminia chai ya maziwa, akapuliza. Cornel, na miguu yake mitupu ndani ya viatu, akauliza kwa sauti tamu, "Dokta, hivi maziwa nayo yakoje?"

"Maziwa," alisema Dokta, na akaugua. "Protini ya maziwa inajikusanya kwenye vifundo vidogo sana. Vingine viko chini ya mia."

"Maziwa ni asili!" Mzee Elieza alikumbatia kikombe. "Azimio linasema iliyotengenezwa. Ng'ombe hatengenezi!"

"Ni ya pakiti, Mwenyekiti," alisema Joha, ambaye sasa hakuwa na cha kupoteza. "Yamepitia kiwandani, yamechemshwa, mafuta yamepondwa. Kisheria yametengenezwa."

Nikodemo alikuwa ameshashika mkono wa chupa ya chai. Mzee Elieza akaushika upande wa pili. Hawakuvutana, ni wakubwa. Walishikilia tu, wanatazamana.

"Mzee ulisema kila bidhaa," alisema Nikodemo taratibu.

"Nakumbuka nilichosema!"

Akaachia. Chupa ikaenda kitorolini, kikombe nacho kikaenda, kijiko kikabaki.

Nikodemo alishaanza kuipenda kazi. Akawa anazungukazunguka chumba, anagusa vitu. "Dokta, na hii rangi ya ukuta? Hii mpya, ya kufutika?"

"Inawezekana. Rangi nyingi za siku hizi wanachanganya."

"Ukuta siwezi kuubeba." Akafikiri. Kisha akatoa kufuli mfukoni. "Basi nafunga mlango. Chumba kizima kihesabike stoo."

"Na sisi?" aliuliza Cornel.

"Mpo stoo."

Penina akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Shikamoo mzee mwenyekiti. Kama sisi tupo stoo na losheni yangu ipo stoo, si tupo pamoja? Naomba nijipake."

Dokta Respicius ndiye aliyeanza kucheka. Mzee Elieza hakucheka. Alitaka chai yake, na alitaka jambo liishe kwa taratibu. "Wakili, chapa azimio nisaini. Lisiposainiwa halina nguvu, tunafanya mchezo hapa."

Joha akabonyeza kompyuta. Printa ikaguna, ikawasha taa nyekundu.

"Haina tona," alisema Joha.

"Nikodemo, rudisha tona."

"Kwa azimio lipi, mzee? Tona imezuiliwa."

"Lakini azimio halijasainiwa," alisema Joha. "Kwa hiyo halina nguvu. Kwa hiyo tona haijazuiliwa. Irudishe."

Nikodemo akaridhika, akaanza kuirudisha.

"Ngoja," alisema Cornel. "Likichapwa akisaini, tona inazuiliwa tena. Na nakala ya wizarani?"

"Tuchape nakala zote kwanza."

"Maandishi yenyewe yamechapwa kwa tona," alisema Dokta, ambaye kwa kweli bora angenyamaza. "Kwa hiyo azimio lenyewe, ile karatasi, ni bidhaa nano. Likishasainiwa linaingia stoo. Hakuna wa kulisoma."

Nikodemo alisimama katikati ya chumba na tona mkononi. Mzee Elieza akakalia mikono yake. Nje ya dirisha jua bado lilikuwa kali, lile la mchana linalofanya bati zilie. Nikaona siku inakwisha, Jumamosi inakuja, na hawa watu watabaki hapa na soksi zao.

Nikasimama.

"Mzee wangu, samahani, nami niseme. Dokta, acha kwanza tafsiri. Mimi nakuuliza kama mzazi. Huyu mtoto akijipaka losheni ile, itamdhuru? Nijibu kama angekuwa wako."

Dokta akavaa miwani.

"Kupaka? Kwenye ngozi nzima isiyo na vidonda? Kwa tunachokijua mpaka leo, zinki inakaa juujuu. Haivuki kwenda ndani kwa kiasi cha kunitia hofu. Angekuwa wangu ningempaka. Na jua la hapa linamdhuru kwa hakika, hilo halihitaji utafiti."

"Basi kwa nini losheni iko stoo?"

"Kwa sababu chupa zako ni za kupulizia, Mama Penina."

"Zina nini?"

"Ukipuliza, chembe zinakuwa hewani, mtoto anazivuta. Ngozi ni ukuta, mapafu ni dirisha. Mapafu hayo ndiyo yananinyima usingizi, si ngozi. Tangu kikao cha kwanza nimekuwa nikiomba nafasi niliseme hilo."

"Na kwa nini hukulisema?"

"Tulikuwa tunatafsiri."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno ya kutosha, nimeyabeba tangu boksi zilipoingia stoo. Lakini zile pampu za kupulizia zilikuwa wazo langu mimi, na nilijivunia. Mtoto anajipuliza mgongoni bila kuomba msaada, losheni haimwagiki, kazi imekwisha. Na wakati huohuo nikakumbuka Mpwapwa tulivyofundishwa kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe: funga pua, tazama upepo, ukigeuka nawe hama. Ng'ombe nilimfanyia hivyo miaka yote. Mwanangu nilimpa chupa nikamwambia apulize usoni.

"Mama, usikubali," alisema Penina haraka. Alishanisoma usoni. "Pampu ndiyo nzuri. Mgongo nitajipakaje? Shingo?"

"Nitakupaka mimi."

"Utakuja Mpwapwa? Utaingia uwanjani katikati ya mchezo unipake?"

"Utapakwa na mwenzako. Timu mko saba, wote mna mikono."

"Yudith ana mikono kama msasa!"

"Basi ngozi yako itang'aa."

"Mama, mimi sivuti hewa ninapojipuliza. Nabana."

"Unabana leo. Kesho unaongea na Yudith huku unapuliza. Nakujua mdomo wako."

Mdomo wake anaujua mwenyewe pia. Akavuta kofia, akaivaa mpaka machoni. Niliumia, sisemi uongo. Chupa zile tulizichagua pamoja.

Nikamgeukia mwenyekiti. "Mzee, pampu zote nazitoa. Losheni itakuwa ya kupaka kwa mkono. Na nitaandika nje ya chombo kwamba ina nano, anayeogopa asinunue. Nipe ruhusa ya hivyo. Tafsiri yenu endeleeni nayo mpaka mchoke."

"Bila tafsiri kibali hakitoki," alisema Cornel, lakini bila nguvu. Miguu ilikuwa inamwasha.

"Kibali cha muda kinatoka," alisema Joha. Alikuwa ameshachukua kalamu. "Kisiseme nano ni nini. Kiseme losheni hii inatumikaje: ya kupaka, si ya kupulizia, isipakwe penye kidonda, na iwe na maandishi. Na Bodi ifuatilie watumiaji. Dokta?"

"Hilo ndilo nililotaka kusema kikao cha kwanza."

"Mhandisi?"

"Nirudishiwe soksi, nakubali chochote."

"Na lile azimio pana?" aliuliza Mzee Elieza.

"Halijasainiwa, Mwenyekiti. Halikuwahi kuwepo."

Mzee Elieza akatazama kitoroli, akatazama chupa ya chai juu ya kitoroli. Nikaona mzigo unamtoka mabegani. "Andika kwa mkono, Wakili. Nasaini hapahapa. Utekelezaji kuanzia sasa hivi. Nikodemo, lete losheni, na kila mtu apewe chake!"

Joha aliandika, mzee akasaini, muhuri ukagongwa. Nikodemo akarudisha kufuli mfukoni, boksi zikaja. Lakini chupa ikitolewa pampu inabaki mdomo wazi, na mimi vifuniko sikuwa navyo.

"Stoo kuna makopo ya sampuli," alisema Dokta. "Mapya, yana vifuniko, bado yamo kwenye nailoni."

"Hayo ni ya sampuli," alisema Nikodemo.

"Nikodemo," alisema mzee, na kikombe kimesharudi mkononi mwake. "Fungua."

Nilifungua pampu ya kwanza mwenyewe. Nikamimina. Joha akakunja mikono ya gauni, akashika kopo. Cornel akawa anafungua pampu mbili kwa mara moja, ana vidole vya kazi yule, siwezi kumnyima. Dokta alikuwa anafuta midomo ya makopo kwa karatasi safi, polepole mno, mpaka nikamwambia asogee tumalize. Pampu nikazitia zote kwenye boksi tupu, nikamkabidhi Nikodemo azipeleke kwenye taka.

Penina alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, kofia machoni, amenuna.

"Wewe una mwandiko mzuri," nikamwambia. "Njoo uandike."

"Niandike nini?"

"Ina chembe nano. Jipake, usipulize."

Akaja, akamwomba Joha kalamu ya wino mzito, akaanza kuandika kwenye makopo, herufi kubwa, moja baada ya nyingine. Ya akina mama wa Mkonze tukayaweka boksi moja, ya Busi boksi lingine. Zile chupa ambazo hazikupata makopo nikaziacha stoo mpaka nipate vifuniko, na Nikodemo akazipokea kwa furaha, alikuwa amebakiwa na kitu cha kutunza.

Bajaji ilikuwa inangoja chini na jua halijapoa. Nikachukua kopo ambalo wino wake ulikuwa umekauka, nikalifungua, nikamgeuza Penina, nikamshusha kola ya shati.

"Mama, hapa mbele ya watu?"

"Inama."

Akainama. Nikampaka shingo, nyuma ya masikio, mashavu, pua mpaka nchani, kisha mikono yote miwili, mbele ya Bodi nzima. Nikafunga kopo, nikalitia mikononi mwake, nikabeba boksi la kwanza, tukashuka.